Paja la Baba Rispa

Nasikia siku hizi mkimaliza chuo mnapewa kompyuta ndogo ya kubeba kwapani, na ndani yake mna picha ya ubongo inayozunguka ukiigusa kwa kidole. Hongereni sana. Sisi tulioneshwa ubongo mmoja tu, ulikuwa kwenye ndoo ya dawa, na mwalimu alituonya tusiuguse kwa sababu wanafunzi wa miaka mingi ijayo walikuwa wanausubiri.

Lakini sikukaa hapa kibarazani kwangu, mtaa wa Shieywe mjini Kakamega, na magoti yangu yanayolalamika kuliko wagonjwa wote niliowahi kuwanyoosha, ili nilinganishe ndoo na kompyuta. Juzi mmoja wenu alikuja kuniuliza kama enzi zetu tuliwahi hata kusikia habari za tiba ya jeni. Alianza kucheka kabla sijajibu. Nikamwambia keti. Tiba ya jeni ilifika Kakamega katikati ya miaka ya tisini, ikiwa ndani ya begi la daktari mmoja, na mimi, mtu wa mazoezi ya viungo, nusura nimmalize mtu mwenye afya kamili kwa sababu yake.

Kazi yangu ilikuwa fiziotherapia. Kwenye karatasi za hospitali niliitwa Madam Loise. Wagonjwa wengi walisema Madam Royisi, na wakidhani siwasikii walisema yule mama wa kuumiza. Chumba changu cha mazoezi kilikuwa na vitanda viwili, vyuma viwili vya kushikilia mtu anapojifunza kutembea, mpira mmoja uliotoboka, na bango kubwa la mifupa lililokosa mguu wa kushoto. Kwa vifaa hivyo serikali ilitutaka tuwarudishe watu mashambani.

Aliyenifundisha kazi si yule mwalimu wa ndoo. Ni Mzee Ashiono, msaidizi wa chumba, ambaye hakuwa na cheti chochote zaidi ya cha ubatizo. Nilimkuta pale nikiwa na diploma yangu mpya na ujuaji wa kutosha wodi tatu. Wiki yangu ya kwanza nilimkamata mama mmoja wa kiharusi kwa mkono wake uliolegea, nikamvuta ili aketi. Bega likatoka. Nililisikia. Mama wa watu hakuwa na sauti ya kulia, machozi tu yakamtoka jicho moja. Mzee Ashiono alikuja polepole, akaweka mkono wake chini ya kwapa la yule mama, akalirudisha bega kwa utaratibu kama mtu anayefunga droo, kisha akanigeukia.

"Madam, huu mkono uko na mwenyewe," akasema. "Si mpini wa jembe. Mgonjwa unamshika hapa mgongoni, kwenye ubao wa bega, halafu unangojanga yeye aanze. Wewe unamalizia tu."

Mzee Ashiono alinifundisha pia kukigeuza kitanda ili upande uliokufa ndio uelekee mlangoni, mgonjwa alazimike kuutazama kila mtu anapoingia. Kabla hujampa uji, umpe kijiko kimoja cha maji na umsikilize koo. Akikohoa, uji usubiri. Kama hawezi kusema, mwimbie wimbo wa kanisani kwao na umwache aendelee, maana wimbo mara nyingi hurudi kabla ya maneno. Haya yote nilikuja kuyakuta baadaye kwenye vitabu, yameandikwa kwa majina marefu na watu waliolipiwa ndege.

Basi akaja Daktari Musundi. Kijana wa kwetu, mama yake aliuza mboga sokoni hapa mjini, akasoma mpaka akavuka bahari. Alirudi na koti la sufu ambalo jua letu lilimvua ndani ya wiki moja, na akapewa wodi ya watoto. Wodi hiyo ilikuwa na kila kitu isipokuwa godoro, shuka, dawa na nafasi.

Katika wodi hiyo alikuwemo Rispa, msichana wa miaka kumi na moja kutoka Shianda. Alikuwa na selimundu, siko seli kama tulivyoizoea mdomoni. Mnaijua: chembe za damu, badala ya kuwa za mviringo, zinajikunja kama mundu, zinanasana, zinakwaruza mishipa. Kwa watoto wengine hukwaruza mishipa ya kichwani mpaka inakuwa myembamba kama uzi, halafu siku moja sehemu ya ubongo inakosa damu. Rispa aliamka kwenda shule, akainuka kuvaa sketi, akaanguka upande wa kulia. Alipoletwa kwetu mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu unaburuta, na hakuweza kutamka hata jina lake.

Aliyekaa naye wodini ni kukhu yake, mama mzaa baba, bibi mfupi mwenye sauti ya spika ya mazishi, jina lake Felesia. Mama wa mtoto alikuwa nyumbani na kichanga. Baba yake, Otundo, alikuwa mkata miwa. Alikuja kila alipopata nafasi, kwa baiskeli, akiwa bado na masizi ya miwa iliyochomwa kwenye kucha. Alisimama tu miguuni pa kitanda na kumwangalia mtoto. Hakujua aweke wapi mikono yake.

Nilianza na Rispa kazi ya kawaida. Kuketi. Kuhamisha uzito. Vidole kunyooshwa kimoja kimoja ili visijikunje. Nilikuwa namwimbia, na siku ya tano alinisindikiza kwa mguno, bila maneno, lakini tuni ilikuwa sawa kabisa. Nilitoka wodini nikitembea kama nimeshinda uchaguzi.

Halafu Daktari Musundi akaamua kutuelimisha.

Lilitoka tangazo: wafanyakazi wote wafike ukumbini, Jumanne, mada ni "Upeo mpya katika kurejesha damu kwenye ubongo." Projekta ya slaidi iliazimwa kutoka kwa kasisi. Tulienda kwa hamu kubwa, kwa sababu palikuwa na soda.

Daktari alizungumza Kiingereza saa nzima. Kule alikosomea alikuwa katika kikundi kilichochukua vipande vya msuli wa paja la panya, kikazitoa chembe hai, kikazilea kwenye kisahani. Zikisha kuongezeka, wakaziingizia jeni, yaani maagizo ya kutengeneza kitu kinachoiita mishipa mipya ya damu ije iote. Kisha wakazipandikiza chini ya fuvu la panya, juu kabisa ya ubongo uliokosa damu. Na mishipa ikaota. Tulioneshwa. Panya walikuwa wazuri. Kwenye slaidi moja panya alionekana ameshiba kuliko mganga mkuu wetu.

Alisema pia, tumtendee haki, kwamba bado ni mambo ya maabara. Kwamba mishipa ikizidi kuota inaweza kuleta madhara. Kwamba hakuna anayejua itamfaa binadamu lini. Alisema hayo yote kwa Kiingereza. Mwishoni muuguzi mmoja aliinua mkono: "Daktari, hebu tuwekee kwa Kiswahili, kwa kifupi."

Daktari akatabasamu. "Kwa kifupi, tunatoa msuli pajani, tunauongezea nguvu, tunauweka kichwani, na damu inarudi kwenye ubongo."

Kwa kifupi kweli. Hata panya hakumtaja.

Nyuma ya ukumbi, karibu na mlango, alikuwa amesimama Otundo. Kukhu Felesia alikuwa amemwambia daktari yuko ukumbini, naye akaja kumtafuta. Ile saa ya Kiingereza ilimpita juu ya kichwa. Sentensi ile moja ya Kiswahili ilimwingia yote.

Kesho yake nilienda kwa Rispa na mpira wangu uliotoboka. Kukhu Felesia akajisogeza mbele ya kitanda.

"Leo hapana, madam. Mwache apumzike."

"Kukhu, hajafanya kitu cha kumchosha."

"Anangoja msuli mpya. Huu wa zamani wa nini kuusumbua? Baba yake amesema."

Nilidhani ni mambo ya siku moja. Alhamisi nikafukuzwa tena. Ijumaa vile vile, na sasa nikaona vidole vya Rispa vimeanza kujikunja ndani ya kiganja. Kifundo cha mkono kilikuwa kimekaza. Mnaojua kazi hii mnajua siku tatu kwa mkono wa namna ile ni nini. Nilitoka pale nikichemka.

Na ndipo nikakutana na Otundo koridoni. Alivua kofia.

"Mulembe, madam. Nilikuwa nataka kukuuliza. Ile dawa ya msuli itafanywa siku gani? Mimi niko tayari. Nakatanga miwa tangu nikiwa kijana, hii paja yangu iko na nguvu. Wachukue kama wanataka yote."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipo. Mtu mwenye akili angemkalisha kwenye benchi na kumweleza mambo ya panya. Ingenichukua dakika tano. Lakini mimi nilikuwa na ulimi ambao wenzangu waliusifu wakati wa chai, na nilikuwa na hasira na bibi, na daktari, na panya. Nikamwambia bila hata kutabasamu:

"Si unyoe tu hilo paja, ulisugue kwa sabuni, uje Jumatatu asubuhi bila kula. Ukifika ulizia thieta, kule kwa upasuaji."

Nikaenda zangu. Kwenye chumba cha chai nikawasimulia wenzangu. Tulicheka mpaka mtu akamwaga chai.

Jumatatu nilikuwa namtembeza katekista mmoja mzee kati ya vile vyuma viwili nilipoona muuguzi wa thieta mlangoni. Hakuwa anacheka.

"Madam Loise, kuna mtu ameanguka mlangoni kwetu. Anasema wewe ndiye uliyemtuma."

Nilijua. Kabla hajamaliza nilijua, nikamketisha katekista, nikamfuata.

Otundo alikuwa amekalishwa sakafuni, mgongo ukutani, jasho linamtiririka. Aliendesha baiskeli kutoka Shianda. Hakuwa amekula tangu Jumamosi jioni. Aliona nilivyosema asile ni vyema azidishe kidogo, isije ikawa sababu ya kukataliwa. Alikuwa amevaa kaptura safi iliyopigwa pasi. Paja moja lilikuwa limenyolewa kuanzia juu mpaka gotini, linang'aa kwa mafuta, na mahali alipojikata kwa wembe alibandika kipande kidogo cha gazeti.

Aliponiona alifurahi. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini kile kicheko cha kuniona hakijanitoka.

"Madam, nimekuja. Waambie ni mimi."

Daktari Musundi alifika, akamtazama, akanitazama. Tukamwingiza kwenye kile chumba kidogo alichokiita ofisi, ambamo mlikuwa na meza, kiti kimoja na mizani ya kupimia watoto. Hiyo mizani ndiyo aliyoletewa alipoandika barua kuomba maabara. Tulimpa uji wenye sukari. Daktari akasema, "Madam, yuko hapa kwa sababu gani?"

Nilisema. Sikupamba kitu. Nilisema nilimfanyia mzaha mtu aliyekuja kuniuliza habari za mtoto wake.

Otundo aliweka kikombe chini. Alilifunika lile paja kwa kofia yake, kana kwamba ndio kwanza ameona liko uchi.

"Kwa hivyo ulikuwa unanicheka."

"Ndiyo, Baba Rispa. Nilikosa. Nisamehe."

Daktari ndiye aliyesema. Nilitarajia anivue nguo mbele ya mzazi, na ningestahili, lakini akajivuta mbele kwenye meza, akazungumza Kiswahili, tena taratibu:

"Baba Rispa, kosa lake ni moja, langu ni kubwa zaidi. Ile dawa niliizungumza kama iko kabatini. Haiko. Iko kwa panya, ng'ambo, na sijui kama itafika kwa mtu. Kuna mabingwa huko wanaochukua msuli wa hapa pembeni mwa kichwa na kuulaza juu ya ubongo wa watoto kama Rispa, lakini hapa hatuna bingwa wala vifaa. Sikupaswa kuacha mzazi atoke pale ukumbini akiwa na tumaini ambalo sina."

"Sasa mtoto?"

"Tunachoweza ni kumwekea damu ya watu wengine. Kila mwezi. Ile damu yake yenye mundu ipungue, nyingine iongezeke, mishipa isizibe tena. Si jambo la ajabu. Lakini ni la kweli."

Hakuwa hata amefunga mdomo tuliposikia sauti ya Kukhu Felesia ikikata jengo vipande viwili. Tulikimbia. Rispa alikuwa ameketi kitandani, kikombe kimeanguka, na mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa unaning'inia. Macho yake yalikuwa yanatembea kwetu, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa anaelewa kila kitu. Nilimshika nyuma ya bega, pale nilipofundishwa, nikamlaza kwa upande. Tulingoja. Baada ya muda ambao siwezi kuupima vidole vya kushoto vikasogea, halafu mkono ukainuka. Ulikuwa umerudi.

"Hilo ni onyo," Daktari akasema. "Tunahitaji damu sasa."

Friji ya damu ilikuwa na kila kitu isipokuwa damu. Kulikuwa na chupa ya maziwa ya mtu.

Otundo alikwisha kukunja shati. "Toeni. Hii si ya panya."

Maabara wakamtoa kidogo wakapima. Kundi lilikuwa lile lile la mtoto, na kwa dakika chache nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha mtu wa maabara akamvuta Daktari pembeni. Mnajua tayari, ninyi mliosoma. Mtoto wa selimundu huipata alama ya mundu kwa baba na kwa mama. Baba mwenyewe ni mzima, hajawahi kuumwa, lakini damu yake inayo ile alama, na mtoto kama Rispa hatumwekei damu ya namna hiyo.

Otundo alielezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono bado umenyooshwa.

"Paja hamtaki," akasema. "Damu hamtaki. Mnataka nini kwangu?"

Alishusha mkono wa shati, akamgusa Rispa kichwani, akachukua baiskeli yake akaondoka bila kutuaga.

Siku hiyo na iliyofuata Daktari hakulala, kwa hiyo na mimi sikulala, na sikuthubutu kunung'unika. Alipiga simu kila mahali penye simu. Rispa alikuwa kwenye dripu. Kukhu Felesia aliniruhusu nirudi kwa mtoto. Alisogea tu, akanipa nafasi ya kukaa. Nilivinyoosha vile vidole kimoja kimoja. Vilikuwa vigumu. Siku zile zilizopotea nilizihisi kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumatano, jua likiwa linaanza kuuma, askari wa geti alikuja mbio akipiga filimbi. Miaka ile mnajua ilivyokuwa. Watu wakikusanyika zaidi ya watano, mtu lazima apige filimbi. Alisema kuna trekta la miwa getini, limejaa wanaume wenye panga, weusi tii kama mkaa, na hawataki kuondoka.

Daktari alienda, mimi nyuma yake. Trela lile linalobeba miwa lilikuwa limebeba wakata miwa. Walitoka shambani moja kwa moja, masizi usoni, macho tu yanameta. Mbele amesimama Otundo, sasa katika suruali ndefu.

"Daktari," akasema, "hawa si ndugu zangu wa damu. Nimewauliza mmoja mmoja ukoo. Dereva amepotea njia kidogo, ndiyo maana tuko hapa. Pima."

Askari akataka panga ziachwe. Zikawekwa lundo getini, na yeye akazilinda siku nzima kwa heshima ambayo hakuwahi kuionyesha hospitali. Maabara haikuwahi kuona foleni ya namna ile. Wanaume ambao huangusha shamba zima la miwa tangu alfajiri walipoona sindano walianza kuuliza habari za choo. Mmoja, pande la mtu, alizimia kwa kuona tu mwenzake anachomwa, na ikabidi tumruke ili tuwafikie wengine. Wapo walioambiwa na wao wana alama ya mundu. Huku kwetu ni wengi, na ndiyo siku walipojua. Wapo waliokuwa na kundi tofauti. Damu yao iliwekwa kwa wagonjwa wengine. Kila tone lilipimwa yale magonjwa tuliyoyaogopa. Baada ya kuchuja, walibaki wachache waliofaa kabisa kwa Rispa. Wachache walitosha.

Damu ya kwanza ilipoanza kushuka kwenye mrija, Kukhu Felesia alipiga magoti, akaisindikiza tone kwa tone kwa macho. Halafu aliinuka akaenda nyumbani, na Alhamisi akarudi na sufuria la ingokho, kuku wa kienyeji, na obusuma, ugali wetu, uliofungwa kwa majani ya ndizi, akawalisha waliotoa damu, na mtu wa maabara, na askari. Mimi alinipa shingo. Niliikubali shingo. Ilikuwa zaidi ya haki yangu.

Tangu hapo kila mwezi walikuja wawili wawili kwa zamu waliyopanga wenyewe, na hawakukosa. Daktari Musundi alianzisha kliniki ya selimundu siku za Alhamisi, katika kile chumba cha mizani, na wazazi wakaanza kuja kutoka Mumias na mbali zaidi. Panya wake hatukuwaona tena. Siku moja alikuja chumbani kwangu, akafunga mlango, akaniomba nimfundishe namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumwumiza bega, kwa sababu huko alikosoma walikuwa na mtu wa kuwafanyia. Nilimfundisha. Alikuwa mzito wa kuelewa kama mimi nilivyokuwa. Alikaa na sisi miaka kadhaa kabla ya kuhamishwa, na ninyi mnaosema madaktari wote waliosoma ng'ambo ni bure, msiseme mbele yangu.

Siwadanganyi kwamba Rispa alipona kama nguo iliyofuliwa. Mkono wa kulia haukurudi wote. Vile vidole viwili vya mwisho vimebaki vimejikunja hadi leo, na kila nikiviona nakumbuka siku tatu. Damu nyingi nayo ina ghasia zake, chuma hujaa mwilini, na tulihangaika nacho. Lakini kiharusi kingine hakikuja. Alirudi shule akaandika kwa mkono wa kushoto. Leo ni mama mtu mzima pale Shianda, anashona sare za shule, na wateja wanamlalamikia bei kama fundi mwingine yeyote.

Otundo naye hakusema amenisamehe. Ila kila alipomleta mtoto kwa zamu ya damu alichungulia chumbani kwangu, akavua kofia, akauliza mbele ya wagonjwa wote, "Madam, leo ninyoe wapi?" Mzee Ashiono aliugeukia ukuta akacheka mpaka mabega yakaruka. Nilivumilia miaka.

Nasikia sasa huko ng'ambo selimundu yenyewe inatibiwa kwa jeni, tena kwa watu, si panya. Nafurahi, bila mzaha. Siku itakapofika hapa, mzazi atawakuta koridoni na kuwauliza itakuwa lini. Mkalisheni.

Nimebakisha kuwaambia jinsi Rispa alivyosema. Ilikuwa baada ya damu ya tatu. Nilikuwa nampandisha ngazi za nyuma ya wodi, mimi nimemshika mkanda kiunoni, yeye ameshika chuma kwa mkono wa kushoto. Hakuwa ametamka neno tangu aanguke. Nilikuwa naongea, kama kawaida yangu: nilianza na ngazi zilivyojengwa vibaya, nikapita kwa mganga mkuu, nikafika kwa viatu vya muuguzi wa zamu. Rispa akasimama katikati ya ngazi. Akageuza shingo, akanitazama kwa macho ya mtu aliyechoka kabisa.

"Nyamaza," akasema. "Nahesabu."

Nikanyamaza. Akaweka mguu wa kulia kwenye ngazi iliyofuata.

"Sita," akasema.